Waajiri Wawili wa Mwanamvua

Ilikuwepo nchi, na kwa bahati yake ingali ipo, iitwayo Nendarudi. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachoraji wa ramani walikwenda kuomba kibali cha kuichora, wakaambiwa waache maombi yao masjala warudi baada ya wiki mbili, nao hadi leo wanarudi. Ni nchi nzuri, yenye serikali nzuri, na anayesema vinginevyo huwa hapati nafasi ya kurudia.

Raia wa Nendarudi ana wajibu mwingi, lakini ulio mkubwa kuliko wote ni kupiga makofi. Jina la Mheshimiwa Mkuu likitajwa, iwe sokoni, iwe hospitalini, iwe makaburini, kila mwenye mikono anapiga makofi. Asiyepiga anaandikwa jina. Si kwa ubaya, la hasha. Anaandikwa tu.

Katika nchi hiyo aliishi Mwanamvua binti Kitojo, fundi cherehani wa Kiwanda cha Taifa cha Bendera. Kiwanda hicho hakikuwahi kukosa kazi hata siku moja, maana gari la waziri lilihitaji bendera, na la naibu waziri vilevile, na la mpishi wa naibu waziri, na hata toroli la mtunza bustani wa yule mpishi, lisije likasimamishwa barabarani kama toroli la mtu wa kawaida. Mwanamvua aliipenda kazi yake. Alipenda mlio wa cherehani asubuhi, alipenda kitambaa kipya kinavyoteleza chini ya vidole, na zaidi ya yote alipenda kukaa na watu wazima wanaomaliza sentensi walizozianza.

Kisha Mungu akamjalia mapacha, Kulwa na Doto.

Likizo ya uzazi ya Nendarudi ni ya ukarimu usio na kifani. Sheria inasema mama arudi kazini siku ile mtoto atakapoacha kumhitaji, na kwa kuwa siku hiyo haijulikani ni lini, akae nyumbani bila mshahara mpaka aitambue mwenyewe. Mwanamvua alikaa miaka mitatu. Mumewe, Shaweji, alikuwa askari, naye alipelekwa mpakani kulinda daraja ambalo bado halijajengwa. Ilikuwa kazi nzito, kwani daraja lililojengwa likiibwa utaliona halipo, lakini hili ungejuaje? Mshahara wake ulipaswa kufika kila mwezi kupitia daraja hilohilo.

Kwa hiyo nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mwenye duka la pale kona alikwisha acha kumchekea Mwanamvua, na siku hizi hata salamu aliipima kwa kijiko. Ndipo Bwana Ndimbo, meneja wa Kiwanda, alipomtumia ujumbe: kiti chako bado kipo, njoo Jumatatu ijayo, ila uje na Hati ya Usafi wa Kodi. Usipokuja nayo, kiti nitampa shemeji yake Waziri wa Mapambo. Shemeji huyo alikuwa mwanamke mwema ambaye kasoro yake pekee katika ushonaji ilikuwa kuogopa sindano.

Mwanamvua alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Kisha akawatazama Kulwa na Doto, nao muda huo walikuwa wakichemsha kandambili zake kwenye sufuria isiyo na maji, akajiuliza swali ambalo alikuwa akilikwepa: na hawa je? Jirani yake, Mama Chausiku, mwanamke shupavu aliyelea watoto wake mwenyewe na wa ndugu zake, aliwahi kubaki nao asubuhi moja. Adhuhuri akawarudisha, akaomba maji, akanywa, na tangu siku ile akawa anapita njia ya nyuma.

"La watoto tutaliona baadaye," Mwanamvua alijiambia. "Kwanza hati."

*

Mamlaka ya Makusanyo na Shukrani ina jengo refu kuliko yote nchini. Makusanyo ni yale mwananchi anayotoa, na shukrani pia ni mwananchi anayezitoa. Ukiingia, mkono wa kushoto utakutana na Ukumbi wa Wadaiwa, na hapo inafaa tusimame kidogo, maana ni jambo la kujivunia.

Inasemekana Muasisi wa Taifa, enzi za ujana wake, alikuwa akidaiwa kila upande, na waliomdai walimtesa sana. Alipopata madaraka aliamuru kwamba katika Nendarudi mdaiwa ni mgeni, na mgeni hafungwi, hukaribishwa. Basi anayedaiwa na Serikali huletwa kwenye ukumbi ule kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi, huwekwa chini ya uangalizi wa afisa, hupewa uji, mchana hupewa wali na maharage, na saa kumi jioni hurudishwa kwake kulala, kwa sababu vitanda havimo kwenye bajeti. Atafanyiwa hivyo mpaka aibu imshike alipe.

Tatizo dogo ni kwamba wadaiwa wa Nendarudi hawakuwa watu wa kushikwa na aibu. Mwanamvua alipochungulia aliwaona wafanyabiashara wakubwa wa mji wamejinyoosha kwenye mikeka, wamenawiri, wanacheza karata. Mmoja alikuwa akimlalamikia afisa kwamba maharage ya leo yamekosa nazi.

Mwanamvua, Kulwa mkono wa kulia na Doto mkono wa kushoto, alipita hadi dirisha lililoandikwa WANAOREJEA. Nyuma ya kioo alikaa Bwana Kengewa, mtu wa makamo, shati limenyooka, kikombe cha chai kinafuka moshi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Unarejea kutoka wapi?"

"Nyumbani, baba. Nilikuwa nalea. Sasa narudi kazini, naomba Hati ya Usafi."

Bwana Kengewa aligonga vitufe vya kompyuta yake, akasubiri, akanywa chai, akasubiri tena. "Mama," alisema kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, "kwa miaka mitatu hukutoa jasho."

"Jasho nimetoa, baba. Wewe acha tu."

"Humu halimo." Akageuza kompyuta ili naye aone kwamba halimo. "Sasa nikueleweshe. Raia wa Nendarudi ama yuko kazini, ama yuko rahani. Aliye kazini analipa Kodi ya Jasho. Aliye rahani analipa Kodi ya Raha. Wewe hukulipa ya Jasho, kwa hiyo unadaiwa ya Raha."

"Raha?" Mwanamvua aliwainua watoto waonekane kiooni. "Baba, nimekwambia nilikuwa nalea. Tena mapacha."

Bwana Kengewa hakubisha. Alinyoosha kidole kuelekea bango kubwa ukutani. Palikuwa na picha ya mtoto mnono anayecheka, amebebwa na mkono wa mtu mkubwa sana, na chini yake maandishi: MTOTO NI RAHA YA TAIFA.

"Hayo si maneno yangu," alisema. "Ni ya Mheshimiwa Mkuu."

Jina lilikuwa limetajwa. Jengo zima likalipuka kwa makofi: makarani, walinzi, wafagiaji, wadaiwa kwenye mikeka yao. Mwanamvua naye alitaka kupiga, Mungu ni shahidi, lakini angepigia wapi? Alijaribu kumhamisha Doto begani, Doto akashika nywele zake, Kulwa akaanza kuteleza, na makofi yakaisha yeye bado anahangaika. Bwana Kengewa alichukua kalamu.

"Hakupiga makofi," aliandika huku akisoma kwa sauti.

"Baba, huoni mikono imejaa?"

"Na mikono imejaa," aliongeza Bwana Kengewa. "Sisi tunatenda haki, mama. Sasa tuendelee. Mtoto mmoja ni raha. Wawili kwa mpigo mmoja," alitikisa kichwa kwa masikitiko, "hiyo tunaiita anasa."

Mwanamvua alikuwa mtu mpole, lakini hata mpole ana siku yake. Alifikiria cherehani yake, akamfikiria shemeji wa Waziri anayeiogopa sindano, na hasira ikampanda mpaka sikio likamwasha.

"Baba, njoo nyumbani ukae na hawa siku moja tu. Ukiiona hiyo raha, uniandikie anasa, uniandikie na utajiri, nami nitatia sahihi kwa mkono wangu."

Aliyasema kwa hasira tu, lakini bila kujua alikuwa ametaja haki yake ya kisheria. Mlipakodi anayepinga raha yake anaweza kuomba Ukaguzi wa Raha, na ukaguzi huo Bwana Kengewa aliupenda kuliko kazi zote. Hadi siku ile, watu wote waliokaguliwa walikutwa kwenye hoteli za ufukweni, na yeye kila mara alikagua kwa makini, kuanzia bwawa la kuogelea hadi chakula cha usiku. Macho yake yakang'aa.

"Kesho asubuhi nitakuwa kwako," alisema.

*

Alifika amevaa kofia ya jua na taulo begani.

"Karibu, baba," alisema Mwanamvua. "Raha yenyewe ndiyo hiyo hapo kwenye mkeka. Mimi nipo uani nafua, usije ukasema nimekuharibia ukaguzi."

Naye akatoka na beseni lake. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu ajifungue kufua huku anatumia mikono yote miwili, na alijikuta akiimba.

Ndani, Bwana Kengewa alianza vizuri. Aliketi, akafungua mkoba, akatoa fomu. Doto aliona kuna mkoba umefunguliwa na kuna bakuli la uji halina mwenyewe, akavikutanisha. Bwana Kengewa alipoinama kuokoa fomu, Kulwa alipata nafasi aliyokuwa akiisubiri, akampanda mgongoni na kumwamuru atembee. Bwana Kengewa alimweleza kwamba yeye ni afisa wa Serikali. "Kwa nini?" aliuliza Kulwa. Bwana Kengewa alimweleza kwamba alifaulu usaili. "Kwa nini?" aliuliza Kulwa. Bwana Kengewa alifikiri, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakujua.

Alitembea mzunguko wa chumba na Kulwa mgongoni. Kisha Doto akadai zamu yake. Kisha Kulwa akadai kwamba zamu ya Doto ilikuwa ndefu. Baadaye Doto alianza kusinzia, na Bwana Kengewa, kwa werevu mkubwa, akamsomea hotuba ya bajeti, naye akalala fofofo. Bwana Kengewa alikaa chini kwa ncha za makalio, akapumua, akanyoosha mkono kuchukua kofia yake. Ndipo Kulwa alipoanguka kutoka juu ya meza aliyokuwa hajaonekana akiipanda, akalia, Doto akaamka, wakalia wawili.

Ilipokaribia adhuhuri aliomba kwenda msalani. Walimsindikiza wote wawili wakaketi mlangoni.

"Unafanya nini humo?" aliuliza Kulwa.

"Nakuja, mwanangu."

"Mbona huji?"

Mwanamvua alipoingia na nguo zake safi alimkuta Bwana Kengewa chini ya meza. Amejifunika taulo, macho yamemtoka pima. Kofia ya jua ilikuwa kwa Doto na muhuri wa Mamlaka ulikuwa kwa Kulwa, ambaye alikwisha upiga kwenye ukuta, kwenye magoti ya pacha wake na kwenye paji la uso la mkaguzi.

"Mama," alinong'ona, "hivi huwa ni hivi kila siku?"

"Leo wana adabu, baba. Wana mgeni."

Bwana Kengewa alivuta fomu yake iliyolowa uji, na kwenye nafasi ya maoni ya mkaguzi akaandika: *Hakuna raha iliyoonekana. Kama ilikuwepo, imehama.*

*

Haikuwa imewahi kutokea Nendarudi raia akashinda ukaguzi. Kwa sababu hiyo shauri lilipandishwa hadi kwa Kamishna Mkuu mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Lukelo Mbarikiwa, ambaye udaktari alitunukiwa na uhandisi aliuchukua mwenyewe. Kamishna alipenda sana kutoa hukumu mbele ya kamera. Ijumaa aliwaita waandishi wa habari, akaagiza viti vya wageni, na Mwanamvua akasimamishwa mbele, Kulwa mkono wa kulia, Doto mkono wa kushoto. Jumatatu ilikuwa inakaribia.

"Ndugu wananchi!" aliunguruma Kamishna. "Kumekuwa na minong'ono kwamba Mamlaka haina masikio. Leo nataka mwone masikio yetu! Tumepokea taarifa ya kitaalamu, iliyoandaliwa katika mazingira magumu," hapo Bwana Kengewa aliinamisha uso, ambao muhuri ulikuwa haujautoka vizuri, "nasi tumejiridhisha, tumejiridhisha tena, na sasa natamka. Kulea si raha. Kulea ni kazi! Na tamko hili limepata baraka za Mheshimiwa Mkuu!"

Makofi yalivuma. Wanawake waliokuja kulipia leseni za mama lishe walipiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka. Mwanamvua, mikono imejaa, hakupiga makofi, akaandikwa tena, lakini safari hii hakujali. Alikuwa analia. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo, na sasa limesemwa kwa kipaza sauti.

"Ahsante, mheshimiwa," alisema. "Basi naomba hati yangu."

"Subiri, mama, bado naitenda haki," alisema Kamishna kwa upole. "Ikiwa ni kazi, unadaiwa Kodi ya Jasho ya miaka mitatu. Mchana na usiku. Pamoja na sikukuu."

Machozi ya Mwanamvua yalisimama hapohapo shavuni. "Mheshimiwa, lakini sikulipwa hata senti."

"Hukulipwa?" Kamishna alishtuka kweli, maana katika Nendarudi kumfanyisha mtu kazi na kutompa mshahara ni kosa baya kabisa, kwa kuwa Serikali nayo inakosa chake. "Hiyo inabadilisha kila kitu! Wewe huna kosa, mama. Wewe umeonewa! Sheria iko wazi: mfanyakazi asipolipwa, anayedaiwa kodi ni mwajiri. Mtaje mwajiri wako sasa hivi, mbele ya kamera, usiogope."

"Mwajiri?" Mwanamvua aligeuka huku na huku. "Sina mwajiri, mheshimiwa."

"Hakuna kazi isiyo na mwajiri. Kengewa, msomee."

Bwana Kengewa alisoma sheria kwa sauti kavu. "Mwajiri ni yule anayekupa amri. Anayekuita saa yoyote apendayo. Ambaye huwezi kuondoka bila ruhusa yake. Anayekukaripia ukichelewa, na ukifanya vizuri hasemi kitu."

Mwanamvua alikuwa mtu mkweli, na maelezo yale yalikuwa sahihi mno. Macho yake yalikwenda kulia, kisha kushoto. Macho ya Kamishna yakayafuata. Macho ya kamera nayo yakayafuata.

"Nataka maji," alisema Kulwa. "Sasa hivi."

"Umesikia amri hiyo!" Kamishna alipiga meza. "Tumewapata! Na wako wawili, ni kampuni! Kuanzia leo Kulwa na Doto wanatambuliwa kuwa waajiri, wanadaiwa kodi ya mfanyakazi wao kwa miaka mitatu, na mpaka watakapoilipa watahudhuria Ukumbi wa Wadaiwa kwa mujibu wa sheria ya Muasisi wa Taifa. Kuanzia Jumatatu. Mama, hati yako hii hapa. Pole sana kwa mateso waliyokupa."

Mwanamvua alishika hati kwa meno, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuishikia. Wanawe! Mamlaka inawachukua wanawe! Alipiga magoti, hati akaidondosha, akafungua kinywa amlilie Kamishna awahurumie, watoto wadogo, hawajui kitu, nitalipa mimi, nitalipa hata kidogo kidogo...

Kisha akakumbuka ule ukumbi. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Chini ya uangalizi wa afisa. Uji. Mikeka. Wali na maharage. Jioni kurudishwa nyumbani.

Kinywa kilibaki wazi kwa muda. Halafu akakifunga.

"Tutafanyaje, mheshimiwa," alisema kwa unyonge, macho chini. "Sheria ni sheria."

*

Jumatatu saa mbili kamili Mwanamvua aliwafikisha wadaiwa wake wawili ukumbini, wameoga, wamepakwa mafuta, kila mmoja na kijiko chake. Afisa wa uangalizi alikuwa Bwana Kengewa, aliyechaguliwa kwa sababu ya uzoefu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, amemshika mkono asiondoke, "nakuomba. Andika barua ya kuwaombea msamaha wa deni. Mistari miwili tu. Kamishna atasaini."

"Baba, mimi ni mfanyakazi tu. Nitamsemea vipi mwajiri wangu? Waandike wenyewe."

"Hawajui kuandika!"

"Basi tuwasubiri wajue."

Akawabusu, akaondoka. Njiani kuelekea Kiwandani aligeuka nyuma mara kadhaa, maana moyo wa mama hauachi ghafla, lakini kila alipogeuka miguu iliendelea mbele. Bwana Ndimbo aliisoma hati, akaisoma na nyuma yake ambako hakukuwa na kitu, akamwonyesha kiti chake. Shemeji wa Waziri alimpisha kwa furaha kubwa. Alikuwa ameshaonyeshwa sindano.

Kule ukumbini, uji wa asubuhi ulikwenda salama. Baada ya hapo Doto aligundua karata. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa katikati ya mchezo wa maana wakati karata ya malkia wa kopa ilipotafunwa. Kulwa alimchagua yule aliyelalamikia nazi, akampanda mgongoni, akamwamuru atembee. Mfanyabiashara alipokataa, Kulwa alilia, na Kulwa akilia, kwenye ukumbi wenye mwangwi mzuri kama ule, ni jambo la kusikia mwenyewe. Mchana wali ulipatikana kwenye masikio ya watu. Mmoja wao, mmiliki wa mabasi, alijaribu kusinzia, akaulizwa kwa nini amefumba macho. Akajibu. Akaulizwa kwa nini.

Kabla ya alasiri mmiliki huyo alisimama, akajipangusa maharage, akaenda dirishani akalipa deni lake lote. Mwenzake alimfuata akiwa na kiatu kimoja. Siku ya pili yake foleni ya wanaotaka kulipa ilifika barabarani, na watu waliokuwa wamegoma tangu enzi za Muasisi walionekana wakisukumana, mmoja akipiga kelele kwamba yeye ana haraka zaidi, analipa na faini ambayo hajatozwa.

Kamishna Mkuu aliletewa taarifa ya makusanyo akadhani wamemletea ya nchi nyingine. Alipoelezwa sababu aliisoma taarifa mara ya pili. Kisha akaagiza kamera.

*

Uzinduzi wa Mkakati wa Taifa wa Wadaiwa Wachanga ulifanyika mbele ya jengo la Mamlaka, jua likiwaka, jukwaa limepambwa kwa bendera mpya kabisa za Kiwanda cha Taifa. Mwanamvua alikuwapo. Bwana Ndimbo alimtuma kuzileta, naye alisimama chini ya jukwaa, mkanda wa kupimia shingoni, pini chache kwenye ukosi.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na foleni nyingine, ya wanawake peke yao: mama lishe, wauza nguo, walimu, manesi. Kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni au mkononi, na kila mmoja alikuja kushtaki mwajiri wake. Mbele kabisa alisimama Mama Chausiku na wajukuu zake. Karani aliuliza, "Mwajiri ndiye yupi hapa?" na Mama Chausiku akajibu, "Wote, mwanangu. Andika wote."

"Mkakati huu," alisema Kamishna Mkuu jukwaani, "haukuzuka. Tuliupanga muda mrefu. Wengine walipokuwa wamelala, sisi tulikuwa tunawafikiria watoto!" Akaomba aletewe wadaiwa wa mfano kwa ajili ya picha. Bwana Kengewa, aliyekonda kidogo, aliwapandisha Kulwa na Doto. Kamishna akambeba Kulwa mkono wa kulia na Doto mkono wa kushoto, akatabasamu kuelekea kamera, akatanua kifua, akamalizia hotuba yake kama hotuba zote za Nendarudi zinavyomalizwa:

"Na haya yote, ndugu zangu, ni kwa hekima ya Mheshimiwa Mkuu!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mawaziri walipiga, makarani walipiga, wapiga picha waliweka kamera chini wakapiga. Jukwaani Kamishna alijaribu kumhamisha Doto begani. Doto akamshika masikio. Kulwa akaanza kuteleza. Kamishna akamdaka, akainua goti, akapinda mgongo, jasho likimtoka, mikono imejaa, na makofi yakaendelea pande zote bila yeye.

Bwana Kengewa alimtazama. Alitoa kalamu mfukoni, akaandika kitu. Si kwa ubaya.

Na chini ya jukwaa Mwanamvua binti Kitojo aliangalia viganja vyake. Vilikuwa vitupu, vyote viwili, na vilikuwa vyake. Akavipiga. Akapiga kwa nguvu, akacheka, machozi yakimtoka, akapiga tena, na wenzake wote walipokwisha kuacha yeye alikuwa bado anapiga.